Gari la Viti Viwili Lililoita Kijiji Kizima

Jamani, leo nimepatikana! Nawaandikia mwenyewe, wenzangu wa Same, kabla abiria wa treni hawajawafikishia habari hii na chumvi zao.

Gari langu mnalijua. Lile dogo la mashindano, la viti viwili, lisilo na paa, ambalo mbuzi wa Makanya hulitazama kwa kuinama. Nililinunua kwa Mzungu wa mkonge aliyekuwa anarejea kwao, kwa bei ndogo mno. Siku ya makabidhiano alinishika mkono muda mrefu, kama mtu anayetoa pole. Mimi nikadhani ni adabu. (Nilikuwa kijana.)

Huu ni mwaka wa sita. Kununua nilinunua mara moja. Kulitunza sijamaliza hadi leo. Kahawa ya mwaka wa kwanza ilikwenda kwenye matairi. Iliyofuata ikaliwa na springi, maana barabara zetu hazikutengenezewa kitu kinachotembea kwa tumbo. Baiskeli niliiuza nipate betri. Ng'ombe wawili alioniachia marehemu baba waligeuka rejeta, iliyokuja kwa meli kutoka Ulaya na kufika imetoboka. Fundi wangu wa Moshi sasa ana nyumba ya bati. Mimi karani, mwenye gari, bado naezeka nyasi.

Sasa kuna Namsifu, binti wa Chome. Nampenda, wala sifichi. Mara mbili nimepanga kwenda kwao kuposa, na mara mbili wazee wamekaa kunisubiri mpaka jua likazama. Mara ya kwanza ilikuwa klachi, ya pili rejeta hiyo hiyo. Baba yake, Mzee Sefania, ambaye pia ndiye jumbe wa kijiji, akaniletea neno: "Aje Jumamosi. Asipofika, asije tena. Nataka kuona kama kijana ana gari au gari lina kijana."

Mtaniuliza kwa nini nisiende kwa miguu kama watu. (Namsifu pia aliniuliza.) Jamani, mtu akishalisha gari miaka sita, anataka wakwe walione likitembea, japo mara moja.

Basi leo asubuhi nikatoka Makanya na baba yangu mdogo, Elikunda, msemaji wangu wa posa. Desturi inataka wazee wanne. Gari linataka mmoja.

Breki zilikuwa zimelegea tangu mavuno. Honi nayo ilikufa zamani, na fundi alisema mpya itanigharimu mtamba mzima. Hapo ndipo nilipoamua kubana matumizi! Nikanunua pembe ya tandala kwa mwindaji mmoja wa Kisiwani, nikaifunga kwa waya pembeni mwa kioo. Dereva ashike usukani, abiria apulize. Huku tambarare nilikuwa nikiipuliza mwenyewe kidogo tu, mbuzi wakapisha, nikajiona mtu mwenye akili.

Tulipanda mlima vizuri kuliko nilivyostahili. Lakini kabla ya kufika Chome, barabara inateremka ghafla hadi kwenye kijito. Nikakanyaga breki. Breki ikanisikia, ila haikutii. Mbele yetu kulikuwa na akina mama wamejitwika ndizi.

"Baba mdogo, puliza!"

Akapuliza.

Hapa kuna jambo ambalo sikulifikiria. Ujanani mwake, baba mdogo ndiye aliyekuwa mpiga pembe wa kijiji chetu. Hajui kupuliza kwa namna nyingine. Nanyi mnajua kwetu Upareni: pembe ikilia vile ni msaragambo, kila mwenye mikono anatoka na jembe kwenda kazi ya kijiji, na asiyetoka anatozwa faini.

Alipuliza mteremko wote. Alipuliza kwa moyo! Akina mama wakaruka pembeni, ndizi zikaruka upande wa pili, gari likaingia kwenye tope la kijito na kusimama.

"Umepuliza sana, baba."

"Si ulisema nipulize?"

Wakaanza kutokea migombani. Majembe, mapanga, mabeleshi. "Daraja limekatika?" "Moto msituni?" Nikatamani lile tope liwe na kina zaidi. Mbele kabisa alikuwa Mzee Sefania, koti na tai, jembe begani. Nyuma yake wale wazee waliokuwa wamekaa kunisubiri, mmoja bado ameshika kata yake ya pombe. Jumbe hawezi kukaa sebuleni pembe ikilia.

"Shikamoo, baba," nikasema kutoka chini kule nilikokaa.

"Marahaba. Shikamoo yako nimeisikia tangu nikiwa nyumbani. Nani amepiga pembe?"

Baba mdogo akaitazama pembe kana kwamba naye ndiyo kwanza anaiona.

"Ni honi, baba," nikasema. "Ya kawaida imeharibika."

"Na nini kingine kimeharibika?"

Orodha hiyo ingetumalizia mchana.

Mzee akawageukia watu wake. "Mmeshaitwa, hamrudi bure. Sukumeni."

Nikabaki kwenye usukani, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kuushika. Baba mdogo akashuka (mjanja yule). Wakalitoa topeni, wakalipandisha kilima kuelekea kwa Mzee huku wakiimba, na mimi nikaanza kuona mambo si mabaya sana. Angalau tutafika. Ndipo nikatupa jicho kwenye kioo cha nyuma.

Nikaona gauni jeupe la kanisani, lenye tope mpaka kiunoni. Kichwa kimeinama, bega limekita kwenye gari. Mama Namsifu! Mama mkwe wangu, ambaye nikikutana naye njiani napaswa kumpisha na kuinamisha macho, ananisukuma. Mimi nimekaa. Na kofia kichwani!

Nikapatwa na wazimu wa adabu. Nikatoa mguu nje nishuke. Wasukumaji wakasita kunishangaa, na breki ya mkono haipo tangu mwaka juzi, hivyo gari likaanza kuwarudia wote.

"Kaa!" kikapiga kelele kijiji.

"Kaa chini, we mtoto!" akafoka mama mkwe. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu.

Nikakaa. Nilisukumwa na mama mkwe hadi mlangoni pake, macho nimeyafumba kwa aibu.

Watu walipokwisha kunawa miguu, baba mdogo akasimama na kusema tumekuja kuomba mke. Alisema vizuri. Mzee Sefania alikuwa akitazama oili inavyodondoka kwenye uwanja wake uliofagiliwa.

"Umekuwa nalo miaka mingapi?"

"Sita, baba."

"Limekula ng'ombe?"

"Wawili. Na kahawa."

"Na bado linadai?"

"Linadai breki, baba."

Wazee wakatazamana. Mzee akasema kwa upole, na ule upole ndio ulioniuma: "Kijana, sisi ni Wakristo. Hatutoi binti kwa mwanamume mwenye mke. Malizana kwanza na huyu, halafu uje."

Ndani ya nyumba nikasikia Namsifu akicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema kwa sauti, wote wasikie: "Nitamsubiri, baba. Ila si miaka sita."

Nimeteremka hadi Makanya kwa miguu. Gari limebaki uani kwao, na nilipokuwa naaga, kuku walikuwa wameshapanda viti vyote viwili. Linauzwa, jamani, kwa bei ndogo mno. Na atakayecheka akisoma hapa, huyo huyo ndiye nitakayemshika mkono muda mrefu.