Koti la Rangi ya Chungwa

Jumatatu, 5 Februari 1968

Siku kubwa! Mzee Ostvedt, mwenye kiwanda, ametangaza kwamba timu yetu ya mbio za pikipiki za theluji inahitaji dereva wa nne. Nafasi moja, na koti moja la rangi ya chungwa lenye jina la kiwanda mgongoni. Wanaolitaka ni wawili: mimi, Orrin, mtunza stoo, na Leland Haugdahl, fundi wa kuchomelea. Tutashindana Jumamosi juu ya ziwa lililoganda.

Leland ana miaka miwili tu hapa. Mimi kumi! Mzee alipounda pikipiki ya theluji ya kwanza bandani kwake, kwa injini ya mashine ya kuvunia, nani alimshikia tochi? Ndiyo maana nimepewa kazi ya kuandika historia ya kiwanda. Sura ya kwanza tayari. Tochi nimeiongezea uzito kidogo.

Jumanne, 6 Februari

Mzee kasoma. Akauliza huyu Orrin aliyeiota injini usingizini ni Orrin yupi. Nikamwambia jina hilo wanalo wengi huku Minnesota. Akapitisha kalamu nyekundu ukurasa mzima. Yamebaki maneno mawili: "Wengine walisaidia." Wengine!

Koti lazima niwe nalo. Koti halifutwi kwa kalamu.

Jumatano, 7 Februari

Kahawa kanisani. Leland akanikaribisha kipande cha mwisho cha keki. Nikakataa. Akanikaribisha tena, nikakataa. Mara ya tatu nikapokea, kama mtu aliyelelewa. Kupokea mara ya kwanza ni ulafi. Kukataa ya tatu ni kumtukana mwenzio mbele za watu.

Keki ilikuwa tamu. Inaudhi sana mpinzani akiwa mwema.

Alhamisi, 8 Februari

Mpango umenijia nikipiga mswaki! Pikipiki ikizimwa ingali moto, huinuliwa juu ya magogo mawili. Ukiiacha chini, theluji inayeyuka, kisha inaganda, na mkanda unaoisukuma unanaswa na barafu. Watoto wa darasa la kwanza wanalijua hilo. Sasa: Jumamosi tukishapasha injini, wote watakwenda kunywa kahawa. Mimi nitabaki. Magogo ya Leland yataondoka.

Mke wangu, Ardis, akauliza nacheka nini peke yangu. Nikasema historia.

Jumamosi, 10 Februari

Nyuzi thelathini chini ya sifuri. Mji mzima ziwani. Tukapasha injini, tukaziinua pikipiki kwenye magogo. Wakaniita kwenye kahawa. Nikasema nendeni tu, injini yangu inakohoa, acha niitazame. Uongo mtupu, na mzuri! Injini yangu ilikuwa nzima kama chuma. Wiki nzima nimeihudumia kuliko ninavyomhudumia mke wangu.

Nikaondoa magogo ya Leland. Nikayafunika theluji. Nikaenda kunywa kahawa, roho kwatu.

Leland akanijia pale pale mezani, mbele ya mke wa mchungaji.

"Orrin, kaka, chukua yangu. Mimi nitabahatisha na hiyo inayokohoa."

Nikakataa. Akarudia. Nikakataa kwa sauti ya juu kidogo.

"Chukua, bwana. Nitajisikia vibaya nikikushinda hivyo."

Mara ya tatu. Mke wa mchungaji ananitazama, kikombe hewani. Ningefanyaje?

Bendera ikashuka. Leland akapaa na pikipiki yangu. Mimi nikakaza mafuta. Mkanda ukalia, ukatoa moshi, ukakatika, na mimi nikaruka usukani nikatua kwa mdomo. Pikipiki haikusogea hata unyayo. Leland alipoona, aligeuka kuja kuniuliza kama nimeumia, kisha akarudi akamaliza mzunguko wake. Nililia. Machozi yakagandia kwenye kope, Ardis akayapuliza kama anapoza uji.

"Baba Karin," akasema, "magogo ya Leland yako wapi?"

Nikasema sijui. Akaenda akaniletea shoka la kuikomboa pikipiki.

Jumapili, 11 Februari

Baada ya ibada, Mzee akamvika Leland koti. Makofi. Leland akalivua! Akasema iliyoshinda ni pikipiki ya Orrin, kwa hiyo koti ni la Orrin. Akaninyooshea. Miaka kumi!

Nikakataa, kwa adabu. Akaninyooshea tena. Nikakataa. Nikavuta pumzi, mikono nikaiandaa kupokea.

Mchungaji akatuita kwenye supu. Mke wa Leland akasema baridi hii si ya kuvua koti, likae kwa mwenyewe, akamvika na kulifunga zipu hadi kidevuni. Ya tatu haikuja. Nimesimama pale, mikono mbele, mpaka supu ikaisha.

Usiku huu nimeyapima yote kwa utulivu, nikaliona kosa. Niliondoa magogo ya pikipiki moja tu. Mwakani nitaondoa ya zote mbili. Hapo hata Leland anipe yake mara mia, hanipati!