Soseji Rasmi ya Gundilla

Tangazo lilisomwa na Meya Lyall Trewin mwenyewe, kwa kipaza sauti cha mnada wa ng'ombe, ili lisikike hata na wasiotaka. Kuanzia wiki hiyo, hakuna mwana wa Gundilla atakayekimbia, kuruka, kunyanyua wala kurusha kitu kwa niaba ya mji akiwa hana protini iliyotambuliwa na baraza. Na protini iliyotambuliwa ni ile tu iliyowahi kuwa na mama.

Tangazo halikumtaja mtu. Lingemtaja wa nini? Katika mji ule wa wafuga ng'ombe, kule ndani ya jimbo la Queensland, mbali na pwani, mtoto aliyeacha nyama, maziwa na mayai alikuwa mmoja tu: Bronte, binti wa Noreen Pascoe, mfungaji tegemeo wa timu ya netiboli. Fainali ilikuwa Jumamosi.

Noreen aliogopa. Hofu hakuianzia hapo. Bronte alipoacha nyama, wiki ya kwanza alikula chipsi na mkate mweupe wenye sosi ya nyanya, akasema si ndiyo mimea hiyo. Haukupita muda akapauka kama shati la jalalani, akawa anasinzia darasani.

"Ni uchovu tu, mama."

"Uchovu gani? Wewe unakula njaa ya kukaanga!"

Akamburura hadi kliniki. Muuguzi hakuzunguka mbuyu: kuacha nyama si kosa, kosa ni kuiacha halafu usiweke kitu pale ilipokuwa. Maharage, dengu, soya, karanga, nafaka, na avichanganye kutwa nzima. Tena ameze kidonge cha vitamini B12, maana hiyo mimea haina, usidanganywe na mtu. Tangu siku hiyo jiko la Noreen halikupoa, na Bronte akarudi kufunga magoli mpaka wapinzani wakauliza anakula nini.

Lakini Tume ya Kulinda Misuli ya Vijana, iliyoundwa na baraza kusimamia tangazo hilo, haikuwa na utaratibu wa kumtazama mtoto. Utaratibu uliokuwapo ni wa kutazama sahani. Na kipimo chake kilikuwa Soseji Rasmi, ile ile inayochomwa penye kila shughuli ya mji, iwe uchaguzi, mchango wa shule au uzinduzi wa choo cha uwanjani, ikakunjwa ndani ya kipande cha mkate na vitunguu. Chakula kisichofikia nguvu ya Soseji Rasmi kitahesabiwa kuwa ni mapambo.

Alhamisi Noreen aliitwa ukumbini na sufuria yake. Ukumbi ulijaa pomoni. Meya alifunua, akachungulia kwa mbali kama mtu anayechungulia kisima.

"Hiki nini, mama Bronte?"

"Dengu na tofu, jibini la soya, Bwana Meya."

"Mama yake tofu ni nani?"

Watu wakacheka. Noreen akanyoosha kidole kuelekea dirishani. "Mtoto wangu yuko pale nje, anaruka. Si umwangalie tu?"

"Kuruka si ushahidi. Hata panzi anaruka." Meya akajipiga kifua, kikalia kama debe. "Mimi dengu sijawahi kuonja tangu nizaliwe. Miaka yote hii ni soseji ya baraza, na mwili ndio huu mnaouona! Mleteni mtaalamu."

Mtaalamu alikuwa Darcy Hanrahan, muuza nyama, mtengenezaji wa Soseji Rasmi. Akapewa Biblia ili aape kwamba sufuria ile haina kitu kilichomo ndani ya soseji. Darcy aliishika Biblia kama kaa la moto. Mstari wa mbele alikaa mama yake mzazi, bibi Olwyn, mikono juu ya fimbo, anamtazama.

"Bwana Meya, hili la kuapa tungeliacha."

"Apa, ndugu yangu, tukale."

"Bei mnayonipa, wazee, haitoshi hata kununua kwato."

"Darcy," alisema bibi Olwyn, "umewalisha nini watu?"

Darcy akainamisha kichwa. "Soya, mama. Soya na makombo ya mkate. Nyama imo, lakini imo kama mgeni."

Nyuma kabisa mtu akauliza, "Kwa hiyo meya ni wa maharage?" Kila shingo iligeuka kukitazama kile kifua.

Bi Glenys, katibu wa tume, hakujua kucheka akiwa kazini. Alisimama akasoma sheria kama ilivyo, isiyobagua mtoto na mkubwa: asiye na protini iliyotambuliwa haruhusiwi kunyanyua wala kurusha kitu kwa niaba ya mji, isipokuwa awe na mama wa kumdhamini aliyeshuhudia anachokula. Bronte Pascoe, mama yupo, na sufuria ndiyo hii: ruksa. Waheshimiwa wajumbe wote pamoja na meya, walaji wa soya tangu waingie madarakani bila kujijua: hawaruhusiwi.

Jumamosi Bronte alifunga hadi waamuzi wakachoka kupuliza filimbi. Kombe likawekwa mezani, na kulinyanyua ilikuwa kazi ya meya. Bi Glenys akamzuia kwenye kamba iliyozungushiwa meza. Mama yake meya alishafariki, Mungu amrehemu. Basi mheshimiwa akapita pembeni taratibu, akasimama mbele ya Noreen, kofia mkononi.

"Mama Bronte, nidhamini. Dakika moja tu. Watu wa gazeti wamekuja."

"Asubuhi umekula nini?"

"Kahawa. Na keki."

"Mchana?"

Meya akatazama viatu vyake. "Chipsi."

Noreen alimpima kuanzia utosini hadi unyayoni, kwa jicho lile lile alilowahi kumtazamia binti yake.

"Nenda nyumbani kale kwanza, mwanangu," akasema. "Kombe lile ni zito."