Ombi la Zimamoto Kuchelewa Kidogo

Birch Fork, Wisconsin

Kwa Bwana Orville Tveit,
Mkuu wa Kikosi cha Zimamoto cha Kujitolea

Shemeji mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mgongo wako. Nakuandikia kama Mwenyekiti wa Chama cha Historia cha mji wetu, wala si kama mjane wa kaka yako, kulalamikia kikosi chako. Mnawahi mno.

Unajua kwamba Jumatatu baraza la mji linavunja jumba letu la maonyesho ili lipate maegesho ya magari. Nililia mbele yao bila aibu, maana mle ndimo marehemu kaka yako Harald alimonichumbia, wakati wa mapumziko, mdomo umejaa bisi. Meya Kessler akanijibu, "Mama Marvella, hebu acha hizo! Majengo ya kale hapa yamejaa tele, ukirusha jiwe umelipiga moja." Anasema kweli, na kosa ni lako. Malalamiko yangu ni haya:

1. Chicago iliungua mwaka 1871, na leo mnara wao wa maji uliopona unapigwa picha kutwa kama bibi harusi. Wana hata ng'ombe wa kumsingizia kwamba alipiga teke taa akauanzisha moto. Sisi ng'ombe tunao wa kumwaga, moto wa kuwasingizia ndio hatuna.

2. Majirani zetu wa Ellwood waliunguliwa na mji mzima, likabaki kanisa moja. Kila mwaka wana gwaride, watoto wamevaa kama ndimi za moto. Kanisa lenyewe limeinama, lakini nani atathubutu kuligusa? Kwetu kila kibanda kimepona, kwa hiyo hakuna anayejali kilichopona.

3. Hoteli ya zamani iliposhika moto, siku ya harambee yenu, mliacha chapati za maji zikiungua kikaangoni, mkafika moshi haujajua uelekee wapi. Kinyozi wenu alikuja na mkasi mkononi, mteja kanyolewa nusu kichwa. Hiyo ndiyo sifa? Haraka haraka haina baraka.

4. Hivyo naomba, kwa heshima zote, moto ujao mmalize kwanza chapati zenu. Watu watoke salama, kisha yaungue maduka, ofisi ya Meya, na kwa kuwa mimi si mchoyo, nyumba yangu pia. Paka nitamtoa mwenyewe. Libaki jumba la maonyesho peke yake, tuone nani atalivunja.

Nisalimie Gudrun, watoto, Mchungaji, na yule kinyozi.

Wako katika kuyatunza ya kale,
Marvella Tveit

Nyongeza: Jana nilikuwa natafuta stempu nilipoona moshi juu ya jumba la maonyesho. Nyaya kuukuu zilishika moto. Ndiyo, ni mimi niliyepiga simu nikafoka, "Orville, we kobe, umelala? Kimbia!" Nisamehe. Mlikuja mbio, wengine kiatu mguu mmoja, na Mungu awabariki, limeungua pazia tu. Meya aling'ang'ania mpira wa maji akipiga kelele, "Hili halianguki nikiwa hai!" Leo asubuhi kapigilia kibao mlangoni: LILINUSURIKA MOTO. Nimekaa pale ngazini nikalia tena, kwa furaha.

Barua naituma kwa sababu stempu nimeshaibandika. Ukimaliza kuisoma, ichome. Ila weka ndoo ya maji karibu.