Malalamiko ya Babu Ambaye Hakuzungushwa

Mheshimiwa Mganga Mkuu,

Shikamoo kama umenizidi umri, jambo ambalo nina shaka nalo. Kama sivyo, basi pokea salamu za mzee aliyeingia hospitalini kwako Jumanne asubuhi, mtoto mgongoni na faili kwapani.

YAH: KUTIBIWA MTOTO BILA KUZUNGUSHWA

Nilikuwa napita nchini kwenu na mjukuu wangu wa miaka mitano, nikimpeleka kwa mama yake anayefanya kazi ng'ambo ya mpaka wenu wa pili. Nyumbani tunamwita Hakimu, kwa kuwa hakuna ugomvi wa jikoni unaokwisha kabla hajatoa hukumu. Tukiwa stendi tunasubiri basi, mwili ukaanza kumchemka, akashika sikio la kushoto, akanyamaza. Hakimu akinyamaza, jambo ni zito. Nikambeba hadi kwako. Yaliyonipata huko ni haya:

1. Dirishani sikuulizwa karatasi. Mheshimiwa, mimi ni mkimbizi wa miaka arobaini na moja. Faili langu lina nakala tatu za kila kitu, picha ndogo kumi na mbili, na barua ya mwenyekiti wa kambi ambayo yenyewe haipo tena. Nilifungua kamba, nikalamba kidole tayari kupekua. Karani akasema, "Babu, hizo baadaye. Homa imeanza lini?" Hiyo baadaye haikufika mpaka tunaondoka.

2. Sikuambiwa njoo kesho. Nusu ya elimu yangu nimeipata kwenye mabenchi ya kusubiria, na siku hiyo nilikuwa na kitabu kinene cha vita vya kale. Nilisoma ukurasa mmoja na nusu, tukaitwa. Hadi leo sijui nani alishinda.

3. Muuguzi aliniambia nikae. Nikakataa, maana mwombaji hukaa akishajibiwa, si kabla. Akanisukumia kiti nyuma ya magoti, nikajikuta nimekaa. Naomba tendo hilo liandikwe kama matumizi ya nguvu dhidi ya mzee.

4. Daktari, binti ambaye angeweza kuwa mjukuu wangu mkubwa, alinipita mimi akazungumza na mgonjwa. Alimwuliza ni sikio lipi. Hakimu akamjibu, "La huku. Lakini Babu amesema tusiseme kitu mpaka tuulizwe sisi ni wa wapi." Nikatazama dari. Daktari akacheka, akachungulia, akasema usaha umejaa na tungechelewa siku mbili tatu sikio lingekufa. Dawa ikaanza palepale, mimi bado nimeshika faili wazi kama mtu anayeuza magazeti.

Hapa ndipo nilipoumia hasa. Mama yake Hakimu alipokuwa na umri huohuo, naye aliumwa sikio, nasi tulikuwa wageni mahali pengine. Niliambiwa nikalete kwanza muhuri kwenye kadi yake. Nikaufuata, kwenda na kurudi siku nne. Ulikuwa muhuri mzuri, wa zambarau. Mpaka leo ukitaka kuzungumza na mwanangu inakubidi usimame upande wake wa kulia. Siku ile ndipo nilipoanzisha faili. Miaka yote nimejiambia kwamba ndivyo kazi inavyofanyika duniani kote, na hivyo nimelala usingizi. Sasa ninyi mmenionyesha, kwa dakika ishirini, kwamba inawezekana kumtazama mtoto kwanza. Mzee wa umri wangu hapewi habari kama hiyo bila kutayarishwa.

5. Kwenye fomu, palipoandikwa "anakotoka", karani alijaza "amekuja na babu yake". Basi. Nilikuwa na maelezo ya kurasa nne, yenye ramani.

Kwa hiyo naomba turudi, tupokewe upya kwa utaratibu. Mlinzi aniulize kwa ukali nakwenda wapi. Dirisha lifungwe nikiwa mtu wa pili kutoka mbele. Mtoto arudishiwe homa kidogo, ya kiasi tu, imwache tena karatasi zikishakaguliwa. Ikiwa hilo ni gumu, karani apewe onyo kwa maandishi, na nakala yake nitumiwe kwa ajili ya faili.

Nisalimie muuguzi, daktari, na yule mama wa usafi aliyenyanyua miguu yangu akadeki chini yake bila kuuliza ni miguu ya raia gani. Karani pia msalimie, baada ya onyo.

Wako mwenye manung'uniko na afya njema,

Babu wa Hakimu

Nyongeza: Nilipotoa kadi ya mtoto ili niambatanishe nakala, nimekuta ni ya mama yake, ile yenye muhuri wa zambarau. Ya Hakimu niliisahau nyumbani, juu ya meza. Maana yake mngeniuliza, ningekosa cha kuonyesha, ningegeuza kuifuata, na kutoka kwenu hadi kwetu ni siku nne. Karani asiguswe. Nimemsomea Hakimu barua hii yote kwa kunong'ona, nimekaa kushotoni kwake. Hajapitwa na neno hata moja, na kesi ameifuta.