Dohani Itakuja Awamu ya Pili

Wananchi wote wa Kithimani walitangaziwa, kwa barua yenye mihuri mitatu, kwamba Afisa wa Majiko Bora, Bwana Justus Kisilu, amekamilisha Mchakato wa Uteuzi wa Moto wa nyumba yake mpya. Kamati ilikaa vikao saba. Akidi ilitimia kila mara, maana mwanakamati alikuwa yeye peke yake. Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu, lakini wahenga hawakuwa na muhuri.

Moto ulioteuliwa ni ule wa kuni unaojengwa ndani ya ukuta wa sebule, kama wa Wazungu wa kwenye kalenda.

"Baridi gani hii ya Kithimani, Baba Mbinya?" mkewe Syombua aliuliza, akipangusa jasho. "Na muthokoi wangu wa mahindi na maharagwe nitaupikia wapi, kwa kochi?"

"Hilo liko nje ya hadidu za rejea," Justus akamjibu kwa upole. Akamkumbusha kwamba mafiga yake matatu, aliyoachiwa na mama mkwe, yatang'olewa Jumatatu, Mkurugenzi akishazindua moto rasmi. Syombua aliumia sana. Watoto watano walilelewa na mafiga yale. Justus naye aliumia kidogo, lakini cheo cha Afisa Mwandamizi kilikuwa mlangoni, kikibisha hodi.

Fundi Muema akaja na lake. "Mkubwa, chimni iko wapi kwa hii ramani?"

"Dohani imo awamu ya pili."

"Sasa moshi itapita wapi?"

"Moshi utasubiri awamu yake. Wewe jenga."

Muema akajenga. Kwani nyumba ni yake?

Siku ya uzinduzi, Mkurugenzi Linet Mukai alikata utepe, Justus akawasha kiberiti, wageni wakapiga makofi. Makofi yakageuka kikohozi. Dakika tano baadaye hakuna aliyemwona mwenzake, ila Justus alisikika akisoma hotuba, ukurasa wa tatu, kuhusu hewa safi.

"Ngai! Tutakufa na itifaki!" Mkurugenzi akapiga kelele, akatoka mbio, viatu mkononi.

Pua zikawaongoza wageni nyuma ya nyumba, jikoni kwa Syombua. Muthokoi ulikuwa ukitokota juu ya mafiga tangu alfajiri, na moshi ulijitokea zake kwa mwanya wa paa, bila kuandikiwa barua. Mkurugenzi akakalia jerikani, akala sahani mbili.

"Jiko hili liliteuliwa na nani?" akauliza.

"Halikuteuliwa, Madam," Syombua akasema. "Limekuwa likipika tu."

Mkurugenzi akatoa mkobani cheti cha Jiko Bora, akakata jina la Justus kwa kalamu, akaandika la Syombua. Wageni wakapiga makofi tena, safari hii bila kukohoa.

Justus, macho mekundu lakini mtu wa utaratibu hadi mwisho, akafungua daftari akaandika kumbukumbu za kikao cha nane: mafiga yamethibitishwa kazini, afisa amehamishiwa kitengo cha kupasua kuni, kuanzia Jumatatu.

"Jumatatu ni mbali, Baba Mbinya," Syombua akasema, akimkabidhi shoka.