Goroli Namba Ishirini na Nne

Leo nimevuliwa nguo hadharani, na ovaroli nilikuwa nimevaa. Walioshuhudia ni watu kumi na mmoja. Niliporudia kuhesabu wakawa kumi na wawili, kwa sababu mara ya kwanza nilimruka muuza karanga aliyekuwa amechutama nyuma ya pipa.

Ninyi wenzangu wa gereji ya Kihesa, huko Iringa, mnajua kwamba tangu nihamie huku Mbeya nina kibanda changu cha pikipiki pembeni mwa soko. Ukuta mmoja tunachangia na Mama Atupele, mshona nguo, mwenye cherehani moja, kuku watano, na ulimi unaofanya kazi kuliko hao wote.

Wiki iliyopita nilipata kitabu. Ni kitabu cha matengenezo ya zile pikipiki za Kiingereza za enzi za mkoloni, zinazonguruma kama mashine ya kusaga. Kilikuwa cha Mhindi mmoja aliyekuwa akifunga duka lake la vipuri. Nilikaa naye kwenye kaunta siku mbili. Alianza kwa kutaka tairi jipya. Mwisho nikamwachia tyubu mbili zenye viraka, nikaondoka na kitabu na bisibisi juu yake. (Viraka vilikuwa saba. Yeye alihesabu sita, nami sikuona sababu ya kumsumbua.)

Kiingereza changu ni cha kuulizia njia, lakini kitabu kina picha. Kwenye ukurasa wa kabureta wameichora yote ikiwa imefumuliwa, kila kipande kinaning'inia hewani peke yake na namba yake. Majina ya vipande yalikuwa kwenye karatasi inayofuata, ambayo mtu wa dukani aliichana kufungia binzari. Harufu bado ipo. Sikujali. Nikajiambia namba ni namba.

Jana jioni akaja Bwana Mifugo, anayechanja ng'ombe wa huku, na pikipiki yake ya zamani, ya aina ile ile ya kitabuni. Inamwaga petroli, na kwenye mlima inakohoa.

"Fundi, saa tatu asubuhi niwe barabarani," akasema. "Wafugaji wa Usangu wamekusanya ng'ombe karibu na Chimala. Kuna zizi moja kule limeshapoteza ndama wote. Dawa ya chanjo naibeba kwenye barafu. Barafu ikiisha, nitakuwa nawachoma ng'ombe maji."

"Kwa nini usipande basi?"

"Ya kwenda huko yanaondoka alfajiri. Barafu yenyewe naipata saa mbili, duka lenye friji likifunguliwa."

Alikuwa amefuatana na mzee mmoja wa Kisukuma, Mzee Masanja, mrefu, mwenye fimbo, aliyetumwa na wafugaji wenzake kuja kumchukua. Aliitazama pikipiki kama anavyotazamwa ng'ombe mnadani.

"Saa mbili na nusu njoo uchukue," nikasema.

Kabureta ya pikipiki hiyo nimewahi kuifungua mara nne bila kitabu, na mara zote nne iliwaka. Leo nikataka kufanya kisomi. Nikachukua ubao, nikachora kwa chaki vyumba ishirini na vinne, maana namba ya mwisho kwenye picha ilikuwa ishirini na nne. Nikafungua, nikaosha kwa petroli, nikapuliza, kila kipande nikakilaza chumbani kwake. Sindano, namba saba. Boya, namba kumi na tano. Nilijisikia kama daktari wa hospitali ya mkoa.

Chumba cha ishirini na nne kikabaki kitupu.

Nikahesabu. Ishirini na tatu. Nikarudia kutoka mwisho kuja mwanzo. Ishirini na tatu. Nikafunua kitabu. Namba ishirini na nne ilikuwa chini kabisa ya picha, na pembeni yake kitu kidogo, cheusi, cha mviringo. Goroli. Ndogo kama punje ya ulezi.

Hapo mtu wa akili ya kawaida angefunga kabureta yake. Mimi nikafikiri. Mara zote nne vilikuwa ishirini na tatu, kwa hiyo mara zote nne nilifunga pungufu, ndiyo maana inakohoa. Halafu nikakumbuka kwamba asubuhi nilisikia kitu kikilia ti sakafuni. Kwa hiyo goroli ilikuwepo, na leo imedondoka. (Mambo hayo mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja. Nimeligundua hilo saa hizi, nikiandika.)

Bwana Mifugo akafika na sanduku la dawa, limejazwa pumba za mbao kuzunguka barafu. Masanja nyuma yake.

"Tayari?"

"Bado goroli."

Tukaitafuta. Bwana Mifugo akapiga magoti. Muuza karanga akapiga magoti. Wapita njia wakauliza tumepoteza nini, wakapiga magoti nao. Saa nne ikapita, saa nne na nusu ikapita. Ndipo akapita kuku mwekundu wa Mama Atupele, akadonoa kitu sakafuni, akaniangalia kwa jicho moja. Nikajua.

"Mama Atupele, kuku wako ameshinda hapa anadonoa tangu asubuhi."

"Asipodonoa afanye nini, aandike barua?"

"Amemeza goroli yangu."

"Hiyo goroli, fundi, uliwahi kuiona?"

"Nimeiona kitabuni."

"Mwe. Basi na kuku kaimeza kitabuni."

Watu wakafurahi. Bwana Mifugo hakufurahi. Alifunua sanduku, akaingiza mkono kwenye pumba. "Barafu ilikuwa kama kichwa cha mtu," akasema. "Sasa ni ngumi mbili."

Nikaanza kupatana. Nikasema tumchinje, na kama goroli haimo nitamlipa Mama Atupele kuku mmoja. Akasema wawili. Nikasema mmoja na kifaranga. Akasema wawili, mitetea, wanaotaga. Nikamwambia kuku wake mwenyewe hatagi. Akasema hatagi kwa sababu ya kelele zangu. Mimi niliyemtoa Mhindi kwenye tairi jipya nikakubali wawili, wanaotaga.

"Na ikiwemo?" nikauliza.

"Ikiwemo, supu ni yako, na mimi nakuomba radhi mbele ya soko zima."

Muuza karanga, kwa kuwa ni Mwislamu, akamchinja, ili kila mtu aweze kula. Bwana Mifugo akakunja mikono ya shati, akamtoa firigisi, akaipasua juu ya ubao wangu wenye namba. Ndani mlikuwa na vijiwe vinne, punje za mahindi, na kifungo cha shati.

Mama Atupele akakichukua kifungo, akakifuta kwenye kanga. "Hiki kimeniruka asubuhi nikakitafuta mpaka macho yakauma." Kumbe ndicho kilichoruka hadi kwangu kikalia ti.

"Angalia na kwenye utumbo," nikasema.

"Fundi," akasema Bwana Mifugo, "mimi kazi yangu ni kuponya."

Ndipo Mzee Masanja akafungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Baba, nipe hicho kitabu."

Nikampa. Akasema wazi kwamba kusoma hajui. Akakishika kwa mikono miwili, akaweka kidole chini ya picha.

"Hii alama inasemaje?"

"Ishirini na nne. Ndiyo goroli yenyewe."

Akafunua mbele, akavuka ilipochanika, akaweka kidole mahali pale pale, chini.

"Na hii?"

"Ishirini na saba."

"Goroli yake iko wapi?"

Nikaitafuta kwa macho, haipo. Akarudi nyuma kabla ya picha yangu, kidole pale pale.

"Hii?"

"Ishirini na tatu."

"Na hii?"

"Ishirini na mbili." Sauti yangu ilikuwa imeshaanza kushuka.

"Sisi kule ng'ombe tunawapiga chapa," akasema, polepole, kama anayemweleza mgonjwa. "Chapa inasema ng'ombe ni wa zizi gani. Ukitaka kujua una ng'ombe wangapi, unahesabu ng'ombe. Chapa haihesabiwi. Wewe, baba, umehesabu na chapa ya karatasi."

Bwana Mifugo akakinyakua kitabu, akakwangua ile goroli kwa ukucha. Ikatoka. Akainusa.

"Mafi ya nzi," akasema, na kwa mambo ya wanyama huyo ndiye mtaalamu tuliyenaye.

Hawakucheka mara moja. Ingekuwa afadhali. Walinitazama kwanza, wote kumi na wawili, wakiwa bado na vumbi magotini. Kisha Mama Atupele akauliza, kwa upole kabisa:

"Hicho kitabu kina kurasa ngapi, fundi? Nijiandae na kuku."

Hapo ndipo soko likaanguka kwa kicheko.

Nikaosha damu na chaki, nikafunga kabureta bila kitabu, kwa vidole, kama ninavyofunga siku zote. Nilitumia dakika ishirini. Ikawaka kiki ya pili, haimwagi, haikohoi. (Uchafu ulikuwa umeganda kwenye boya, na niliuosha saa moja asubuhi.) Bwana Mifugo hakuniaga. Barafu ilikuwa imebaki ngumi moja. Masanja akakaa nyuma, akalipakata sanduku kama mtoto mchanga, na ilipofika saa sita kasoro wakaondoka.

Mchana wote sikufanya kazi. Nilikaa nikihesabu barafu kichwani: wako Igurusi sasa, imebaki kama yai, wamepata pancha, imebaki maji. Supu waliniletea, nikashindwa kuinywa. Nilikuwa nawaza yale mazizi, na watu waliosimama juani tangu asubuhi wakimngojea mtu aliyekuwa kwangu anapasua firigisi.

Saa kumi na mbili jioni likaingia basi la kutoka kwenu Iringa. Kondakta akaning'inia mlangoni hata halijasimama.

"Fundi! Tumemkuta Bwana Mifugo pale Chimala. Anasema dawa imefika salama, barafu imebaki kama kipande cha sabuni kilichoisha. Nimeona kwa macho yangu, ng'ombe wamepanga foleni wanachomwa."

Nikakaa chini kwenye tairi. Nilitaka kumshukuru, lakini hakuwa amemaliza.

"Sasa abiria wangu wanauliza, ni kweli umechinja kuku kumi kutafuta namba ya ukurasa?"

Basi hilo linarudi Iringa kesho alfajiri, na barua hii inakuja na kondakta huyo huyo, nimeibandika gundi mara mbili. Kuku aliyechinjwa ni mmoja. Ninaotakiwa kulipa ni wawili. Yeye akishuka hapo Kihesa na idadi nyingine, mkatalieni. Kucheka mtacheka, siwezi kuwazuia, ila chekeni kwa hesabu sahihi.