Mwalimu wa Udereva Avuka Daraja

Tegeni masikio, enyi mlioketi na mliosimama, niwasimulie vita vya sebuleni alivyopigana mwalimu wa udereva, simba wa gia ya kwanza, fahari ya mwendo wa kobe, ambaye barabarani hajapata kuipita hata baiskeli.

Shemeji yake, fundi magari, mdogo wa mkewe, alimletea kompyuta kuukuu yenye mchezo wa zamani: unaendesha gari, unapigana risasi na majambazi, unavuka daraja kabla muda haujakwisha.

"Shemeji, wewe gari hulijui, unajua kufokea wanafunzi tu," akasema. "Ukishindwa, utaniamkia shikamoo mbele ya dada."

Damu ikamchemka jemadari. Amwamkie kijana ambaye siku ya harusi yao alikuwa bado anavaa kaptura! "Na nikivuka," akanguruma, "wewe ndiwe utakayeniamkia, na dunia ishuhudie!"

"Dunia imetoka, nipo mimi," mkewe akasema, akikunja nguo kwenye kochi.

Basi shujaa akaikabili kibodi. Akakisogeza kiti, akatafuta kioo cha pembeni, asikione. Akatafuta mkanda, asiuone. Risasi zikamnyeshea kama mvua ya masika, naye akasimama kwenye taa nyekundu.

"Baba watoto, unauawa!"

"Nyekundu ni nyekundu!" akajibu, akafa.

Akafufuka, akafa tena akimpisha mpita njia. Jasho likamfunika miwani. Fundi akaanza kusafisha koo, tayari kuitikia marahaba. Hilo mwalimu angelistahimili. Lililomchoma ni kumwona mkewe ameacha kukunja nguo, anamtazama kwa huruma.

Akarudi vitani. Mguuni pa daraja, taa ikawaka nyekundu. Akasimama. Ndipo lori la majambazi likamvaa kwa nyuma, likamrusha angani, likambwaga ng'ambo ya pili, magurudumu juu, muda ukiwa unakatika.

"Nimevuka!"

"Umevushwa," fundi akanung'unika. Lakini kompyuta ilikwisha kupiga tarumbeta za ushindi. Akainamisha kichwa. "Shikamoo, shemeji."

"Si ndivyo anavyokuamkia kila siku?" mkewe akauliza.

Shujaa hakusikia. Alisimama, kifua mbele, akaitikia "Marahabaaa!" hata vikombe vikagongana kabatini. Na waandishi wa historia waandike kwa wino mzito: gari lilikuwa limepinduka, linawaka moto, na dereva wake hakuwa amevunja sheria hata moja.